Neno Tumtajalo Jirani



Sisi tukaao Ziwani twajua kwamba ulimi hauna mfupa. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipoizingira Nairobi kwa msako ulioitwa Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walikamatwa, na wengi wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia, yenye matundu ya macho tu. Mmoja akitikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini Manyani au Mackinnon Road. Aliyemtia huko hakumgusa hata kwa kidole.

Mtume Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, aufananisha ulimi na usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa. Basi neno lisemwalo bombani tusilidhani jepesi. Sisi wenyewe tuliwahi kusema, "Yule ni mwizi," pasipo kuona. Naye akahama na watoto wake. Kumwomba radhi hatukuwahi.

Kabla ya kumtaja jirani, na tujiulize: je, neno hili twaweza kulisema bila gunia, naye akitutazama?