Kahawa ya Kuchuja kwa Mtindo wa India ya Kusini, na Faida Yake Nyumbani kwa Mkulima

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Vyama vya Msingi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi



Halmashauri ilipotupangia zamu ya kusema katika sherehe hii, wengi walidhani kwamba tungesoma hesabu za miaka kumi: magunia yaliyopokelewa, deni lililolipwa na ghala lililojengwa. Hesabu hizo zitachapwa katika kitabu cha ukumbusho, na kila mwanachama atazisoma kwa nafasi yake. Sisi tumeomba ruhusa ya kusema juu ya kikombe cha kahawa. Kabla ya kusimama hapa tumetia maji ya moto katika machujio matatu yaliyo juu ya meza ile ya nyuma, na maneno yetu hayatazidi muda wa maji hayo kutona.

Jambo lenyewe lilianza kwa aibu. Katika msimu wa saba wa Chama chetu, mnunuzi mmoja aliipunguzia bei shehena yetu ya robusta, akisema kwamba ina ladha ya udongo. Tulikuwa watu tisa mezani, na miaka yetu katika kazi ya kahawa, ukiijumlisha, yapita mia mbili. Mnunuzi alikuwa na karatasi ya waonjaji wake. Sisi tulikuwa na hasira tu, kwa maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinywa kahawa ile. Tulibishana hadi adhuhuri, kisha tukatia sahihi.

Mtu asidhani kwamba watu wa Kagera hawaijui kahawa. Wazee wetu waliitafuna tangu kabla ya mkoloni. Matunda ya robusta huchumwa kabla ya kuiva sana, huchemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni hupewa kabla ya kuulizwa habari za safari. Undugu wa damu ulifungwa kwa punje mbili za tunda moja. Lakini kutafuna ni jambo moja, na kunywa ni jambo jingine. Majumbani mwetu asubuhi ni chai. Akija mgeni wa heshima, twamfungulia kopo la kahawa ya unga wa kukoroga, nasi tumekaa chini ya kivuli cha mibuni yetu wenyewe.

Baada ya mkutano ule tulimkumbuka mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya sekondari, mtu wa Tamil Nadu, huko India ya Kusini. Kila alfajiri harufu ya kahawa yake ilifika bwenini kabla ya kengele. Siku moja alituonyesha chombo chake: vikopo viwili vya shaba nyeupe kwa rangi ya njano, kimoja kimekaa juu ya kingine. Hakikuhitaji karatasi, wala umeme, wala mashine. Tulikiona kuwa kitu cha watoto kuchezea. Ilitupasa kupoteza fedha kwanza ndipo tukitafute.

Yafaa tuseme kidogo juu ya nchi yenyewe. Husimuliwa huko kwamba katika karne ya 17 mcha Mungu mmoja aitwaye Baba Budan, akirejea kutoka Makka, alichukua mbegu saba za kahawa kutoka Yemen akazipanda katika milima ya Chikmagalur, na milima hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo. Sehemu kubwa ya kahawa ya India hutoka jimbo la Karnataka, ikifuatwa na Kerala na Tamil Nadu. Wakulima wake walio wengi ni wenye mashamba madogo kama sisi. Tena, na hapa tunaomba wajumbe wategee sikio, kadiri ya sehemu saba katika kumi za kahawa yao ni robusta. Robusta iliyoanikwa na ganda lake, kama tufanyavyo sisi, wao huiita kwa jina la biashara «Cherry». Na robusta iliyomenywa na kuoshwa huiita «Parchment», nayo hutafutwa sana. Katika maduka ya mitaani ya miji ya kusini, mnunuzi husimama mbele ya mashine akasema: nipe arabika kiasi hiki, robusta kiasi hiki, na kahawa ya punje moja ya mviringo kiasi hiki, isage sasa hivi. Robusta haiombewi radhi. Huwekwa kwa kusudi, ili kahawa iwe nzito na isimezwe na maziwa.

Wala hawakuzaliwa nayo mdomoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wazee wa Kitamil walinung'unika kwamba kahawa imewafukuzia kinywaji chao cha asubuhi, yaani maji ya wali uliolala. Walionung'unika, bila shaka, waliishia kunywa.

Na kwa kuwa tuko katika sherehe ya ushirika, tusipite bila kutaja habari ya migahawa yao. Bodi ya Kahawa ya India ilikuwa na migahawa yake, kisha katika miaka ya 1950 ikaamua kuifunga na kuwaachisha watu kazi. Wafanyakazi hao, wakitiwa moyo na mwanasiasa A. K. Gopalan, waliunda vyama vyao vya ushirika kuanzia mwaka 1957, wakaichukua migahawa. Hata leo Indian Coffee House ni mali ya wafanyakazi wenyewe. Walikuwa wapishi na wahudumu, lakini kahawa waliijua kwa ulimi.

Sasa twende kwenye chombo. Kikopo cha juu kina matundu madogo mengi kitakoni. Ndani yake hukaa kisahani chenye matundu, na mpini mfupi katikati. Kikopo cha chini hupokea maji. Juu kabisa ni kifuniko. Zamani vilikuwa vya shaba. Leo aghalabu ni vya chuma kisichoshika kutu. Sisi tulimpelekea fundi wa mjini mchoro, akatutengenezea vitatu. Alitaka kutumia mabati ya kuezekea kwa kuwa ni rahisi, tukamkataza, maana bati la nyumba lina madini yasiyofaa kukutana na maji ya moto ya kunywa. Msimruhusu fundi yeyote afanye hivyo.

Kahawa ni lazima iwe safi, iliyokwisha kobolewa. Ichagueni mezani: toeni punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na mawe. Kaangeni kidogo kidogo katika kaango zito, kwa moto wa kadiri, na mwiko usisimame hata mara moja. Itageuka manjano, itanuka kama mkate, kisha itaanza kupasuka kwa mlio. Endeleeni mpaka iwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Mafuta yakianza kumeta juu ya punje, iepueni upesi na kuipepeta katika ungo hata ipoe. Mwenye haraka huharibu hapa. Kahawa iliyoachwa katika kaango la moto huendelea kuungua ingawa moto umezimwa. Iacheni ilale siku moja, ndipo muisage. Kinu chafaa, ila mchekeche: unga usiwe vumbi kama wa ngano, wala usiwe chenga. Sageni ya siku chache tu, kwa kuwa unga hupoteza harufu upesi sana, hata ukiwa ndani ya kopo.

Kwa watu wanne, tieni vijiko vikubwa vinne vya unga katika kikopo cha juu. Kigongeni kidogo ili unga ukae sawasawa, wekeni kisahani, mkibane kwa uzito wa kidole tu. Maji yachemke, kisha yatulie kama dakika moja. Mimineni kwanza kiasi cha kulowanisha unga, ngojeni kidogo, kisha mimineni yaliyobaki polepole kwa kuzungusha, jumla yawe kama kikombe kimoja cha chai. Funikeni. Baada ya hapo mkono ukae mbali. Maji hutona tone kwa tone kwa muda wa dakika ishirini hadi thelathini, na mama wengi wa huko hutayarisha usiku ili alfajiri wakute tayari. Kinachopatikana si kahawa ya kunywa bado. Ni maji meusi mazito, mfano wa tui la kwanza la nazi. Ukitia maji mara ya pili hupata tui la pili, jepesi, ambalo hufaa kuchanganywa na la kwanza lakini halimfai mgeni.

Makosa tumeyafanya yote. Maji yakipita kwa dakika tano, unga ni mnene au haukubanwa. Yakikataa kabisa kutona, unga ni vumbi, au umebanwa mno, au matundu yameziba. Matundu yaliyoziba hayatoki kwa sabuni: shikeni kitako cha kikopo cha juu juu ya ndimi za moto mpaka mabaki yaungue, kisha mpigeni brashi. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuyachemsha tena yale maji mazito. Huwa machungu kama dawa. Maziwa ndiyo yachemke, yakaipashe moto kahawa.

Kuhusu chikori, sisi tuna maoni yetu. Ni mzizi wa mmea, hukaangwa na kusagwa, hauna kafeini, nao huipa kahawa weusi, uzito na namna yake ya uchungu. Wahindi wengi waipenda, na sheria yao hutaka mchanganyiko uwe na kahawa isiyopungua asilimia 51, na kiasi kiandikwe juu ya pakiti. Hatuwalaumu. Lakini mkulima wa robusta hana haja ya kununua mzizi ili kahawa yake iwe nzito, na anayetaka kuijua kahawa yake hawezi kuijua ikiwa imefunikwa na kitu kingine. Jueni tu kwamba pasipo chikori maji hupita upesi zaidi, kwa hiyo baneni kidogo zaidi.

Kwa kunywa, tieni robo ya bilauri maji ya kahawa na robo tatu maziwa yaliyochemka sasa hivi, na sukari kwa kupenda. Wao huimimina kutoka bilauri kwenda bakuli dogo na kurudi, mkono ukiwa juu, hata ipate povu na kupoa kiasi cha kunyweka. Mji wa Kumbakonam umesifika kwa kahawa iitwayo «ya digrii», na wengi husema jina hilo latokana na kipimo cha maziwa yasiyotiwa maji. Wauza maziwa waliomo humu wamesikia.

Chujio letu la kwanza lilipokuwa tayari, tuliomba nusu kilo ya kahawa kutoka kila kimoja cha Vyama vya Msingi vitatu. Tuliipika bila maziwa wala sukari, tukaandika namba badala ya majina, tukawaita wajumbe. Kikombe cha tatu kilikuwa na udongo, udongo hasa, na ukungu juu yake. Mzee mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa heshima, ndiye aliyetema kwa sauti kuliko wote. Tulipofunua majina, ilikuwa kahawa ya kwake. Hakukasirika. Aliomba aongezewe, akainywa yote, akasema: «Hii ni ile ya uwanja wa mbele ya nyumba yangu, iliyonyeshewa mvua siku mbili.» Msimu uliofuata alianika juu ya vichanja vya matete, naye hachumi tena mabichi pamoja na mabivu.

Hatusemi kwamba bei ilipanda kwa ajili ya chujio. Bei ya dunia haiulizi habari za mzee mmoja wa kijijini. Lakini mwaka jana mnunuzi alipolalamikia shehena mbili, tuliweka maji ya moto tukapika zote mbili mbele yake. Shehena moja alikiri kwamba haina kosa, akailipa kamili. Ya pili tulionja, tukatazamana, tukamwambia kwamba amesema kweli. Hiyo tulikubali ipunguzwe, na jina la chama kilichoileta tulilijua siku ile ile, tukaenda kukagua viwanja vyake kabla ya msimu mwingine.

Tunachoomba Mkutano huu ni kitu kidogo. Kila Chama cha Msingi kinunue chujio moja kutoka mfuko wake, likae mahali pa kupokelea kahawa, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuleta konzi mbili za kahawa yake zipikwe. Mama zetu waliokwisha kujifunza wako tayari kuwafunza wengine, nao wanaomba tu kwamba wanaume wasishike kisahani, kwa kuwa hubana mno.

Bwana Mwenyekiti, tukitazama kule nyuma twaona kwamba machujio mawili yamekwisha kutona. La namba 2 limechelewa. Pengine tulilibana sisi wenyewe. Maziwa yako jikoni, lakini tunawasihi wajumbe waonje kwanza bila maziwa, na wasiulize namba 3 imetoka wapi mpaka watakapokuwa wameimeza.