Mboga za Madebe kwa Mpangaji

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka



Mzee mmoja alituuliza mlangoni kama ni kweli kwamba leo tutahutubu juu ya mboga, akacheka, kwa maana yeye anazo ekari zake nyumbani, na haoni jinsi mtu awezavyo kuitwa mkulima kwa ajili ya debe moja la sukuma wiki. Hatumlaumu. Lakini wengi wetu tulioketi hapa twaishi Nairobi katika nyumba za kupanga, na nyumba ya kupanga haina ekari, wala haina ahadi ya mwaka ujao.

Yale tutakayoyasema tulijifunza kwa hasara. Katika nyumba yetu ya kwanza palikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya jiko, upana wake kama vitanda viwili. Kwa muda wa miaka miwili tulikilima, tukakitia samadi ya mbuzi tuliyoibeba kwa gunia kutoka Kiamaiko, hata udongo ukawa mweusi na laini. Ndipo mwenye nyumba akaihitaji nyumba yake, akatupa notisi ya mwezi mmoja. Mboga tulizichuma tukala. Udongo hatukuweza kuuchuma. Baadaye tulisikia kwamba aliyeingia nyuma yetu alimwaga kokoto mahali pale apate kuegesha gari.

Katika nyumba ya pili tukashika njia ya magunia, na njia hiyo si ya mzaha. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa ghali na adimu katika Kibera, shirika la Solidarités la Ufaransa lilianza mwaka 2008 kuwafundisha wakaaji wa huko kupanda mboga katika magunia, na kuwapa miche. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yapenye hadi chini. Kisha ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu likapewa mche wake. Hivyo gunia moja hubeba makumi ya miche mahali pasipotosha hata kutandika mkeka. Kwa mtu aliyetulia mahali pake hatujui njia iliyo bora kuliko hiyo. Ila gunia likisha kujazwa halihamishiki. Siku ya kuhama tuliwaita vijana wanne. Gunia la kwanza likapasuka kabla halijafika langoni, na mengine tukayaacha yamesimama kama wageni waliosahauliwa na mwenyeji.

Basi katika nyumba ya tatu tulijiwekea sharti moja: tusipande mboga yoyote katika chombo ambacho watu wawili hawawezi kukiinua. Debe la lita 20 likijaa udongo uliolowa huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Watu wawili hulichukua bila kuugua mgongo. Tukapata madebe, karai lililotoboka, na jerikani tuliyoikata shingo, jumla vyombo tisa.

Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo lilipo neno letu hasa. Watu hudhani faida ya mboga za madebe ni zile shilingi chache zinazobaki mfukoni kila jioni. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Faida kubwa tuliiona juma lile tulipohama mara ya tatu. Kila mpangaji anajua jinsi juma hilo lilivyo: kodi ya mwezi wa kwanza, na amana ya mwezi mwingine, na gari la kubeba vyombo, vyote hudaiwa kwa siku moja, na amana ya nyumba ya zamani bado haijarudishwa. Siku ya nne tulikuwa na unga kidogo na chumvi, wala hatukuwa na uso wa kumkopa mwenye duka asiyetujua jina. Mama wa watoto wetu akatoka nje, akachuma majani katika madebe matano, akarudi na mboga ya watu sita. Tulifanya hivyo hadi mwisho wa mwezi. Tangu hapo twaona kwamba debe la mboga ni kama akiba ya kuhamia, na akiba hiyo yapasa iwe tayari kabla notisi haijaandikwa.

Kwa hiyo mtu asipande vyote kwa siku moja. Mchicha, yaani terere, huwa tayari kwa majuma matatu au manne. Dania huchukua kama majuma sita. Sukuma wiki huanza kuchumwa kiasi cha mwezi mmoja na nusu baada ya mche kutiwa, kisha huendelea miezi mingi. Nyanya hukaa yapata miezi mitatu ndipo ziive, nazo huchukia kusukwasukwa njiani, sisi tuliziacha. Debe moja yafaa lipewe miche miwili ya sukuma wiki, wala si mitano, ijapokuwa macho hutamani mitano. Managu hustawi sana katika chombo, mradi asikose maji.

Juu ya udongo, twachanganya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza kabisa, na moja ya mchanga mnene. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chini ya debe tutoboe matundu matano au sita kwa msumari, na debe likae juu ya mawe, sivyo maji hutuama na mizizi huoza. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu kisitumiwe kabisa, hata kikioshwa mara kumi. Na mikebe ya rangi ya zamani vilevile, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi.

Siku ya kuhama ikikaribia, tuache kumwagilia kwa siku mbili ili debe liwe jepesi, ila tusingoje majani yalegee. Asubuhi ya safari tuchume majani yote makubwa, tukibakiza machanga ya juu. Mmea wenye majani machache haukauki upesi. Madebe yapakiwe kwanza, yakae karibu na dereva pasipo na mtikisiko mwingi, yafunikwe gunia lililoloweshwa. Tukifika, tuyaweke kivulini siku mbili tatu kabla ya kuyatoa juani. Na mtu asiyeweza kupata gari, kwa kuwa wengine hufukuzwa usiku na mvua ikinyesha, na akate vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa shina la sukuma wiki, avifunge katika kitambaa chenye maji. Vikichomekwa udongoni hutoa mizizi. Hivyo hata mikono mitupu hubeba bustani.

Tusisahau kumwomba mwenye nyumba ruhusa, na kumweleza mtunzaji wa nyumba tutatumia maji gani. Sisi twatumia maji tuliyooshea mboga na mchele. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ilikubali kilimo cha mjini na kukiwekea utaratibu, lakini sheria haimzuii jirani kunung'unika debe likivuja mlangoni pake.

Wazee wetu tunawaomba jambo moja. Wanachama watatu wako chini ya notisi wakati huu, na majina yao Mwandishi wa chama anayo. Twapendekeza chama kitenge kitalu kidogo hapa penye ukumbi, na kila mwanachama anayehama apewe madebe mawili yenye mboga iliyo tayari kuchumwa, ayarudishe matupu atakapotulia. Madebe sita ya kuanzia tumekuja nayo; yako nje, upande wa kushoto wa mlango, na atakayeyainua ataona wenyewe uzito wake.