Mwaka Mmoja Mezani kwa Wenyewe

Leo tunazungumza na mzazi ambaye mwanawe anataka kwenda kuishi na familia ya ugenini.

Mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Kennedy-Lugar, maarufu kama YES, ulianzishwa na Marekani mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Tanzania imekuwa ikishiriki. Mwanafunzi wa sekondari hukaa na familia ya Kimarekani, husoma shule ya mtaani kwao, kisha hurudi nyumbani. Familia hizo ni za kujitolea, hazilipwi.

Hapo ndipo penye kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi kule jembe ni vyombo vya kuoshwa, kitanda cha kutandikwa na mbwa wa kutembezwa. Ndiyo, mbwa, tena analala ndani! Mlenda na ugali wa uwele mwanao hatavikuta mezani. Mfungashie karanga, awapikie wenyeji wake mboga ya nyumbani. Tena mfundishe kusema. Kwetu mtoto akinyamaza mbele ya wakubwa ana adabu. Kule watadhani anaumwa au amenuna.

Jambo la mwisho, mzazi: gharama za programu hii hubebwa na serikali ya Marekani. Anayekudai pesa ili akupatie nafasi ni tapeli. Usimpe hata shilingi, mripoti polisi.