Kompyuta Ijitunze Yenyewe, Lakini kwa Ratiba ya Kaikor

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Kaikor)

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa kompyuta za nyumbani. Nitaanza na jambo linaloudhi wengi: bando.

Mtu ananunua data ili atume fomu ya basari au alama za wanafunzi. Anawasha hotspoti ya simu, anafungua kompyuta, na kabla ukurasa haujafunguka bando limekwisha. Mara nyingi mlaji ni Windows yenyewe, inayojipakulia masasisho kimyakimya. Rafiki anamshauri azime masasisho yote, naye anazima. Hasira hiyo naielewa, lakini ushauri huo ni mbaya.

Mnamo Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani katika Windows. Mei 12 mwaka huohuo, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika ufa uleule, kikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150, na wenye faili wakadaiwa pesa ili zifunguliwe. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Sasisho la kuwakinga lilikuwa limetoka miezi miwili kabla. Na hapa kwetu virusi havingoji intaneti. Vinapanda flashi kwenye duka la kuchapisha na kushuka nyumbani kwako.

Kompyuta kujifanyia kazi si kosa. Shida ni kwamba imepangiwa ratiba ya nyumba yenye stima usiku kucha na intaneti isiyohesabiwa. Windows kwa kawaida hupanga matengenezo yake saa nane usiku. Saa hiyo wengi wetu tumezima kila kitu ili betri ya sola ifike asubuhi. Kazi iliyokosa saa yake hungoja mpaka kompyuta iwe imewashwa na haitumiki, na sisi tukimaliza kazi tunaizima papo hapo. Kwa hiyo tuibadilishie ratiba.

Kwanza, fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua hotspoti yako, uwashe swichi iitwayo "Metered connection". Hapo umeiambia Windows kwamba data hii inalipiwa kwa kipimo, nayo itaacha kupakua masasisho mengi mpaka uyaruhusu. Kisha ukifika mahali penye Wi-Fi ya bure, yaruhusu. Usipitishe mwezi. Shule yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja itafute "Delivery Optimization" na kuchagua mashine za mtandao wa ndani pekee: moja ikishapakua, nyingine huchukua kwake.

Nakala za faili ndizo ninazozijali zaidi, maana laptopu ikifa leo fundi yuko Lodwar, na hata yeye huenda asiokoe kitu. Chomeka diski ya nje, washa "File History", nayo itanakili nyaraka na picha zako kila saa ikiwa diski imechomekwa. Anayetaka siku na saa maalum atumie "Task Scheduler". Mimi ningechagua mchana, jua likiwa kali na sola ikichaji. Kuna viboksi viwili vya kuangalia humo. Kimoja huzuia kazi isianze laptopu ikiwa kwenye betri, na huja kikiwa tayari kimewekwa alama. Kama unatumia betri mara nyingi, kiondolee. Cha pili huamuru kazi iliyokosa saa yake ifanywe mara tu inapowezekana. Hicho kiwekee alama.

"Storage Sense" itafuta faili za muda zinazojaza diski. Ila iambie isiguse folda ya Downloads, kwa sababu najua watu wazima wanaohifadhi vyeti vya watoto humo.

Wenye Windows 10, huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika Oktoba 13, 2026, lakini lazima ujisajili. Usiposajili, kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida huku nyufa mpya zikibaki wazi, na hakuna ratiba itakayoziba. Angalia kama mashine yako inakubali Windows 11 kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Vumbi letu halina programu. Zima mashine, chomoa chaja, safisha matundu ya feni kwa brashi laini, na usiiweke juu ya godoro ikiwa inafanya kazi.

Waliokuja na laptopu, ziwasheni sasa. Tunaanza na ile swichi ya bando.