Trekta la Baba Lisifie Mikononi Mwako

Leo sihubiri. Nataka tuongee habari ya lile trekta lililosimama chini ya mwembe tangu mzee alipotuacha. Wengi wenu, huku na ng'ambo ya mpaka, mnalo nyumbani. Pengine ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya pistoni tatu. Hicho si chuma chakavu. Likitunzwa, linalima bado.

Sikiliza, ndugu yangu. Trekta la urithi mara nyingi haliuawi na uzee. Linauawa kwa sababu ni la wote, kwa hiyo halina mwenyewe. Kaka analima, anadhani mdogo wake ataweka grisi. Mdogo anadhani ni kazi ya dereva. Basi kaeni kikao, mchague mtu mmoja wa kulitunza, na mnunue daftari. Andikeni tarehe, saa lilizofanya kazi, oili iliyobadilishwa, na nani alilichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na undugu nao hupotea hivyohivyo.

Sasa twende kwenye chuma chenyewe. Kama limelala muda mrefu, usikimbilie kuliwasha.

Kwanza, oili. Trekta likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia; usiwashe, ita fundi. Ikiwa imezidi alama na inanuka dizeli, hapo pia usiwashe: dizeli inavujia ndani. Kuombea trekta ni vizuri, lakini maombi hayamwagi oili chafu. Imwage wewe, na filta yake ubadilishe.

Pili, maji. Fungua rejeta injini ikiwa baridi tu. Injini ikichemka, izime na usubiri ipoe. Ukimimina maji baridi kwenye injini ya moto, unaweza kupasua silinda hedi.

Tatu, hewa. Matrekta mengi ya zamani yana bakuli la oili la kunasa vumbi. Wengine huliona kama kikombe cha bure! Lifungue, mwaga tope, lioshe kwa dizeli, weka oili mpya hadi kwenye alama, usizidishe. Wakati wa kulima kwenye vumbi, likague kila siku. Vumbi likipita hapo linasaga silinda na ringi, na gharama yake ni kufungua injini nzima.

Nne, dizeli. Mwaga maji na uchafu uliotuama chini ya chujio. Ukibadilisha chujio, lazima utoe hewa: legeza skrubu ya juu yake, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Lakini usitafute mvujo wa nozeli kwa kidole. Dizeli ile ina nguvu ya kutoboa ngozi. Ikikuingia, nenda hospitali saa ileile, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Tano, grisi. Futa niple kwanza, ndipo upige grisi, hasa kwenye mhimili wa mbele. Ukipiga juu ya mchanga, unaingiza msasa.

Mwisho, na hili nawasihi. Matrekta mengi ya wazee wetu hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Usibebe mtoto kwenye madigadi, hata akilia. Pedali mbili za breki ziunganishe unapoingia barabarani. Ukikanyaga moja tu kwa mwendo, trekta linageuka ghafla. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine iwe na kifuniko, na usiisogelee na kanga, koti refu wala shuka. Zima injini kwanza, ndipo uondoe kilichokwama.

Mvua haisubiri mwenye kutafuta spana. Jumamosi hii ondoa kuku kwenye kiti, chomoa kile kijiti, na uandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukiona jambo usilolielewa, mwite fundi kabla hujawasha. Fundi wa kukagua ni rahisi kumlipa kuliko fundi wa kufufua.