Nafsi Nayo Huugua

Mawaidha ya Ramadhani kabla ya futari, Huanshi Zhonglu, Guangzhou

Alhamdulillah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, siku chache zilizopita alinijia kijana mfanyabiashara wa hapa hapa. Mzigo umekwama, waliompa fedha wanamdai, usingizi hauji. Akaniomba nimsomee. Nilimsomea, na Qur'ani ni shifaa bila shaka. Kisha nikamwambia: sasa mwone daktari. Akastaajabu, kana kwamba nimeitilia shaka imani yake.

Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akabainisha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na hutibiwa.

Tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili, alianzisha Harare huduma ya benchi nje ya zahanati. Mabibi wa mtaani waliofunzwa huketi hapo na mwenye dhiki, wakamsikiliza, kisha huchagua naye tatizo moja la kuanzia. Moja tu! Utafiti uliochapishwa 2016 ulionesha kuwa baada ya miezi 6 waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wenzao. Mimi napenda zaidi mahali penyewe: aingiaye zahanati, nani ajuaye kama amefuata dawa ya kikohozi au ushauri nasaha?

Hapa ugenini lugha ni kizuizi. Usimchukue mshirika wako wa biashara akufasirie siri zako. Na mwenye kutumia dawa asiziache kwa ajili ya saumu bila kumuuliza tabibu. Mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine.

Kijana yule, naye ameniruhusu kusema, aliipigia simu zahanati ya mtaani kwao, akaunganishwa na mnasihi. Wakazungumza kwa Kiswahili muda mrefu. Deni liko pale pale. Lakini usiku wa kuamkia leo alilala mpaka nikamgongea mlango wa daku.

Adhana imekaribia. Pitisheni tende.