Kuipima Tuhuma ya Kuwadharau Wanawake



Mchambuzi wa siasa akimkosoa mwanamke, mara nyingi huambiwa papo hapo kwamba anawadharau wanawake wote. Na yuko mwingine ambaye huwadharau kweli, kisha akajificha nyuma ya neno “ukosoaji”. Basi tuhuma hii tuipimeje? Nimechagua kisa cha Marekani ambacho maneno yake yalisemwa redioni, mbele ya watu wote, hivyo hatuna haja ya kutegemea uvumi.

Mnamo Februari 2012 Wamarekani walikuwa wakibishana kama bima za afya zilazimishwe kugharamia dawa za kuzuia mimba, hata katika taasisi za kidini zinazozipinga. Sandra Fluke, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ni chuo cha Kikatoliki, alikusudia kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge tarehe 16, akakataliwa. Safu ya kwanza ya mashahidi wa siku ile ilikuwa ya wanaume watupu. Tarehe 23 wabunge wa chama cha Democratic wakamsikiliza wao wenyewe. Alieleza kwamba dawa hizo zaweza kumgharimu mwanamke zaidi ya dola 3,000 katika muda wa masomo ya sheria. Akasimulia pia habari za mwenzake aliyezihitaji ili kutibu maradhi ya ovari, naye aliposhindwa kuendelea kuzinunua, alipoteza ovari moja kwa upasuaji. Juu ya maisha yake ya faragha Bibi Fluke hakusema neno.

Tarehe 29 mtangazaji mashuhuri Rush Limbaugh akamwita malaya na kahaba. Kesho yake akaongeza kwamba wanawake wa namna hiyo wakilipiwa dawa, basi waweke video za vitendo vyao kwenye intaneti ili wanaolipa wapate kutazama.

Bila shaka wako kati yenu wanaoona kwamba chuo cha kidini kina haki ya kushika imani yake. Hoja hiyo ni nzito, na Limbaugh angaliweza kuitetea kutwa nzima pasipo mtu yeyote mwenye haki kumlaumu. Yeye aliiacha, akaishika heshima ya mwanamke. Tena hata hesabu yake ilikuwa mbovu: alidai kuwa ukubwa wa gharama waonyesha wingi wa zinaa, hali vidonge hivyo humezwa kimoja kila siku, na bei ni ile ile kwa mwenye mume na asiye naye. Wabunge wanaume walitetea jambo hilo hilo, wala hakuwaita malaya. Hapa ndipo tuhuma inaposimama, kwani tusi lile lisingaliweza kuelekezwa ila kwa mwanamke. Katika sheria yetu, mwenye kumsingizia mwanamke mwenye staha uzinzi bila ya kuleta mashahidi wanne huadhibiwa yeye mwenyewe, kama ilivyo katika Sura An-Nur. Nalitaja hilo ili tuone uzito wa neno lenyewe, ambalo wengine walilichukua kuwa ni mzaha wa redio.

Ama watetezi wake, walileta jibu ambalo si haki kulipuuza. Walimtaja Bill Maher, mchekeshaji na mchambuzi wa upande wa pili, ambaye mwaka 2011 alimtusi Sarah Palin kwa matusi ya nguoni. Walisema kweli. Watangazaji wengi wa biashara walimkimbia Limbaugh, lakini kipindi cha Maher kilikuwa katika HBO, ambayo haikutegemea matangazo ya biashara, hivyo hakuwa na wa kumkimbia. Tena mwezi huo huo wa Februari alitoa dola milioni moja kwa kundi lililomuunga mkono Rais Obama. Mwenye kukasirika kwa ajili ya Bibi Fluke na akanyamaza kwa Bibi Palin, huyo alikuwa akitetea chama chake. Hata hivyo kosa la Maher halimtakasi Limbaugh. Lawaongezea wakosaji idadi tu.

Tarehe 3 Machi Limbaugh alitoa maandishi ya kuomba radhi. Mtu akiyasoma upesi ataridhika, kwani yamo maneno ya majuto kwa kuchagua maneno mabaya. Lakini humo humo alirudia kulalamika kwamba raia wasilipie starehe za watu wengine, yaani dai lile lile lililozaa tusi, ambalo ushahidi wa Bibi Fluke haukuligusa kabisa. Alijutia lafudhi, akaiacha maana pale pale ilipokuwa. Bibi Fluke aliposikia, alijibu kwamba maandishi yale hayakubadili chochote. Limbaugh akaendelea na kipindi chake. Mwezi Februari 2020 Rais Trump akamtunuku Nishani ya Uhuru, na mwaka uliofuata akafariki.